Kadi Iliyoandikwa Jina la Mjomba

Wanachama wenzangu, wazee wangu shikamooni. Vijana, marahaba kama mmeniamkia, na kama hamjaniamkia mtaniamkia tukitoka. Mwenyekiti amenipa nafasi ya kutoa ushuhuda, na kawaida ya chama chetu ni kwamba anayeshuhudia hamtaji mtu kwa jina. Nitaifuata, ingawa leo inanibana, maana nimekasirika. Nimekaa pale nyuma nikisikiliza mpaka chai yangu imepoa mkononi. Nikajiambia, nisiposimama leo nitarudi nyumbani na maneno haya bila kuyasema.

Hoja mnaijua. Chama kinataka kuwafungulia akaunti za benki vijana wetu walioko sekondari, na swali ni kama kila kijana ashike kadi yake mwenyewe au kadi ikae kwa mzazi au mlezi. Msemaji aliyenitangulia amesema mtoto ni mtoto, kumpa kadi ni sawa na kumpa kiberiti. Amesema kijana wake alipewa kadi akaimaliza hela yote kwenye mambo ya simu, ikabidi amnyang'anye. Amesema samaki mkunje angali mbichi. Nanyi mkampigia makofi.

Huyo msemaji simtaji jina, na wala hakuna haja, kwa sababu nusu yenu mnajua kwamba ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja, na aliyemlea ni mimi. Mdogo wangu, kaa hapo hapo, usijifanye unakwenda kupokea simu. Ulipoongea nilikuacha ukamaliza. Sasa utanisikiliza nikuambie wewe ulilelewa kwa kadi ya nani.

Ndugu zangu, nyinyi vijana hamuijui miaka ile. Ilikuwa ujamaa, ile ya mwishoni, vita vya Uganda vimekwisha na bidhaa zimekuwa adimu. Hela unaweza kuwa nayo na sukari usiionje. Kila kijiji kilikuwa na duka lake, na kila kaya ilikuwa na kadi ya duka. Mgao ukifika unakwenda na kadi, karani anaweka alama, unapewa sukari yako, chumvi, kipande cha sabuni na mafuta ya taa kidogo. Huna kadi, wewe si kaya. Unaweza kuwa na nyumba na shamba na watoto wanaolia ndani, lakini pale dukani hupo duniani.

Kwetu ni juu milimani, upande wa Mgeta, kitongoji cha mwisho kabla hujaingia msituni. Tulilima kabichi, njegere na viazi kwenye mteremko ambao ukiteleza unakwenda kusimama kwenye shamba la jirani. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Akaniachia mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado shuleni, na huyu bwana mkubwa hapa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Baba alikuwa Turiani kwenye mashamba ya miwa na alikuwa ameshapata nyumba nyingine huko. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba alilijua hilo vizuri sana, na akalitumia kupumzika.

Wasio Waluguru mnivumilie kidogo niwaeleze. Kwetu, mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba, yaani kaka wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na anayelisemea ni mjomba. Posa inapelekwa kwake. Ukiugua anaitwa yeye, ukikosea unapelekwa kwake. Mbele ya mjomba unapiga goti, unaangalia chini, unasema ndiyo. Sisemi mila hii ni mbaya. Nimelelewa nayo na wanangu wamelelewa nayo. Mjomba mwema ni ukuta wa nyumba. Lakini sisi tulipewa mwingine.

Baada ya arobaini ya mama, kijiji kikaanza kuandikisha kaya upya. Karani wa duka akapanda mpaka kwetu, anahema, jasho linamtiririka. Akanikuta napukuchua njegere mlangoni. Akauliza mkuu wa kaya hii ni nani. Nami, kwa adabu zangu zote nilizofundishwa, nikamjibu kwamba ni mjomba. Ningejibu nini? Msichana wa Kiluguru aulizwe mwenye nyumba ni nani, mjomba wake yu hai, aseme ni mimi? Ningepasuka mdomo. Karani akashukuru, akashuka. Kadi ya nyumba yetu ikaandikwa jina la mjomba, na akakabidhiwa mjomba.

Mjomba alikaa bondeni, karibu na duka. Alikuwa na kaya yake, mke na watoto na kadi yake. Sasa akawa na kadi mbili mfukoni. Mwanzoni alikuwa anatuletea vitu. Anapanda mwenyewe na kikapu, anakaa, anakula njegere, anatuambia tusali. Nikawa namwona kama malaika. Kisha ikawa anamtuma mtu. Kisha ikawa tunamfuata sisi, na tukimfuata tunapewa nusu. Mara sabuni haikuja mwezi huu. Mara sukari imekwama Morogoro kwa sababu gari halina tairi. Mara eti serikali imepunguza mgao wa watu wa juu kwa kuwa watu wa juu wana mboga. Yaani niliambiwa hivyo, jamani, na nikaamini. Ikafika mahali kinachopanda mlima kuja kwetu ni chumvi tu, imefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Tukazoea. Tukafua nguo kwa majani ya mpapai, tukanywa uji mkavu usio na sukari, giza likiingia tukalala. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaulizwa shuleni kwa nini shati lake lina rangi ya matope, akawa anasema ndivyo lilivyonunuliwa. Na mimi nilikuwa namwombea mjomba kila jioni kwa sababu anahangaika kwa ajili yetu. Nikikumbuka sala zile mwili unanisisimka kwa hasira mpaka leo.

Kisha msemaji wetu akaugua.

Alianza kuharisha, na kwa watoto wa milimani hilo halikuwa jambo geni. Lakini hakuacha. Macho yakaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Nikambeba mgongoni nikashuka naye mpaka zahanati ya misheni. Mwuguzi akampima, akaniambia dawa zimekwisha, lakini kuna kitu ninaweza kufanya mwenyewe. Nichemshe maji, nitie chumvi kidogo na sukari, nimnyweshe kijiko kwa kijiko, nisichoke. Akaniuliza kama nyumbani nina chumvi. Nikasema ipo. Akaniuliza kama nina sukari. Nikaona aibu kusema hapana, nikamwambia mjomba wangu anayo.

Nikaenda dukani kwanza. Siku hiyo mgao ulikuwa umefika na foleni ilikuwa imezunguka jengo. Nikapanga, mtoto mgongoni, kichwa chake kimelegea begani kwangu. Nilipofika dirishani nikamweleza karani ninatoka nyumba gani. Karani, wala hakunijibu vibaya, akasema kaya yetu imeshachukua tangu asubuhi. Nikamuuliza imechukua nini. Akasema kila kitu, sukari, sabuni, mafuta, chumvi, kama kawaida. Nikamuuliza kama kawaida ya nini. Akaniangalia kama anayeangalia mtu aliyechanganyikiwa, akasema kaya yenu haijawahi kukosa mgao hata mara moja, mjomba wako ni wa kwanza kwenye foleni kila mwezi.

Nawaambia ukweli, ndugu zangu, hasira haikuja pale. Nikamwambia karani basi hiyo kadi nipewe mimi, mimi ndiye ninayekaa na watoto. Na hapo foleni nzima ikapata la kusema. Watu wazima wale, wenye vikapu vyao. Mmoja akasema mtoto akipewa kadi atauza sukari anunue mafuta ya nywele. Mwingine akasema leo kadi, kesho atataka mume. Wakacheka. Nimewabeba moyoni watu wale mpaka leo, kwa sababu kila neno walilolisema pale nimelisikia tena humu ndani asubuhi hii, mmebadilisha tu mafuta ya nywele mkaweka simu.

Nikaenda kwa mjomba. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa na mtu wa mjini, mlanguzi, mwenye kofia ya pama. Foronya mbili zimejaa sukari mbele yao na mjomba anafunga ya tatu kwa kamba. Foronya moja, nisamehe ee Mungu, ilikuwa ya mama yangu. Aliifuma maua mwenyewe. Nikapiga goti. Bado nilipiga goti, mnanielewa? Nikamwambia mjomba, mtoto anakufa, naomba sukari mkono mmoja tu. Hakuuliza mtoto ana nini. Wala hakugeuka kumwangalia.

"Usiniaibishe mbele ya mgeni," akasema. "Njoo kesho."

Nikatoka. Kwa mjomba hujibu. Nilikuwa na mtoto anayekauka mgongoni na sukari ya mtoto huyo huyo ikiwa nyuma yangu inafungwa kamba, na mimi natoka kwa adabu. Mnipe adabu nyingine, siyo ile.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mwanamke mjane, mtu wa Ngerengere aliyeolewa kwetu. Nyumba yake ilikuwa njiani. Alikuwa anaanika mchele barazani, akaniona nimepita bila kumwamkia, na kule kwetu msichana akipita bila kuamkia ujue kuna msiba. Akanifuata. Nikamweleza, maneno yanatoka ovyo ovyo. Hakunipa pole. Aliingia ndani akatoka na kopo lake la sukari, akawasha jiko, akachemsha maji, akachanganya, akamchukua mtoto mgongoni kwangu akampakata yeye mwenyewe. Tukamnywesha. Anatapika, tunaanza tena. Jua lilikuwa linaelekea kuzama mtoto alipofungua macho akalilia kijiko tulichokuwa tumekiweka chini. Yule mama akacheka. Mimi ndipo nikalia, na ndipo hasira ikaja.

Mdogo wangu, sukari iliyokurudisha duniani ilikuwa ya Mwislamu, mjane, asiye wa ukoo wetu, na alitugawia kopo lake lote mwezi ambao yeye mwenyewe hakujua atapata lini tena. Nakuambia mbele ya watu kwa sababu sijawahi kukuambia.

Yule balozi akasema jambo hili halimalizwi kwa machozi. Akalipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Tulikutana uwanja wa shule, mwenyekiti wa kijiji na katibu wake mezani, wanaume mbele, akina mama nyuma. Balozi akasema kaya ya juu inaomba kadi yake iandikwe jina la msichana anayeitunza kaya hiyo. Palichafuka. Mwenyekiti akasema taratibu zinamtaka mtu mzima. Mwingine akasema tukianza na huyu, kila mtoto aliyegombana na mzazi atadai kadi. Wakazungumza juu yangu mpaka nikachoka kusikia, mara nitahongwa, mara nitaibiwa, mara nitapotea. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sukari ya miezi yote ile imekwenda wapi. Hebu fikirini. Aliyeiba ana ndevu na amekaa kiti cha mbele, na wanaoogopwa ni watoto.

Mjomba akasimama. Alikuwa mzungumzaji mzuri, sitamnyima haki yake. Akasema yeye ndiye aliyewazika wazazi wake na dada yake, yeye ndiye mlinzi wa shamba la ukoo, na kwamba binti huyu, yaani mimi, ametiwa maneno na watu wa kuja. Akasema kumpa mtoto kadi ni kuuvunja ukoo.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi lakini yote yalikimbia. Likabaki moja.

"Mjomba," nikasema, "sukari yetu ilikwenda wapi?"

Ndugu zangu, nyinyi wa mjini mnaona ni swali tu. Kule ilikuwa kama nimemvua nguo. Msichana kumhoji mjomba hadharani! Wanaume wakaguna. Mwenyekiti akaniambia niketi. Mjomba akasema mjomba hahojiwi na mtoto wa dada yake, na akaketi kwa utulivu wa mtu aliyekwisha shinda. Nikajua nimekwisha. Niliwaza tu nani atamchukua huyu mdogo na nani atamchukua yule wa kike, maana nyumba isiyo na kadi lazima itawanyike.

Ndipo mama mkubwa akasimama kule nyuma. Huyu ni dada mkubwa wa mama, na dada mkubwa wa mjomba pia. Alikaa ng'ambo ya kilima cha pili na magoti yalikuwa mabovu, sijui hata alifikaje. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkali wa kuzaliwa. Hakuomba ruhusa ya mwenyekiti. Alimwendea mjomba moja kwa moja mpaka akasimama mbele yake.

"Wewe umekuwa mjomba kwa sababu sisi dada zako tumezaa," akamwambia. "Watoto hawa wakifa, utakuwa mjomba wa nani?"

Mjomba akaangalia chini. Mama mkubwa akamwambia mtoto amekuuliza swali, mjibu. Akamwambia basi toa kadi. Na mbele ya kijiji kizima mjomba akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kadi yetu, imekunjika na imechakaa kwa kutumika, akampa dada yake. Mama mkubwa hakuipeleka mezani kwa mwenyekiti. Aliniletea mimi. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba shamba ni la ukoo wa kike, jungu ni la ukoo wa kike, na kama kijiji kina shida na umri wangu basi kijiji kije kulala na watoto hawa wakiharisha.

Akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa na dada zake, akaona hapa hakuna pa kupita, akaomba mikono inyooshwe. Ikanyooshwa. Katibu akafuta jina la mjomba akaandika langu.

Sasa msije mkafikiri nilipewa kadi nikaachwa hivi hivi. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, na wewe mdogo wangu unisikilize zaidi. Yule balozi alinifundisha. Alinifundisha kuangalia mizani kabla karani hajafunga. Alinifundisha kukata sabuni ya mche kwa uzi ili vipande visipotee ovyo, na kugawa mafungu ya mwezi mzima siku ile ile ninapopokea, kabla tamaa haijaamka. Alisema kadi isitoke nyumbani bila mimi, hata akiomba padri. Lakini hakuishika hata siku moja. Nilimwomba anitunzie, mwanzoni nikiogopa, akakataa. Alisema akiishika yeye, nitajifunza kumwamini yeye, sitajifunza kuitumia.

Nilikosea? Nilikosea. Mwezi mmoja nilimwonea huruma jirani nikampa sabuni yote, tukarudi kwenye majani ya mpapai. Balozi alinisema wiki nzima. Wala hakuninyang'anya. Walanguzi nao walikuja, tena yule yule wa kofia ya pama, akanifuata njiani akaniahidi kitenge cha wax. Msichana wa miaka kumi na sita, gauni moja, aahidiwe kitenge. Mliosema mtoto ataibiwa, mngekuwepo mkasikia nilichomjibu. Siwezi kukirudia hapa kwa heshima ya ukumbi, lakini hakupanda tena mlima ule.

Nyumba yetu haikutawanyika. Mdogo wangu wa kike aliendelea na shule na shati lake likarudi kuwa jeupe. Huyu naye akanenepa kwa uji wenye sukari, akasoma, akapelekwa mjini, akawa mtu wa suti na leo anatuhutubia. Mjomba alikuja kutuomba msamaha baada ya miaka mingi, akiwa mgonjwa. Nilimpikia, nikamfulia, nikamzika kama mila inavyotaka. Nilimsamehe, lakini kwamba alinitendea mema sitasema, kwa sababu si kweli.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mwuguzi wa zahanati ambaye hakuwa na dawa lakini hakuniacha niondoke bila kitu. Namshukuru mama mkubwa, magoti yake mabovu na ulimi wake mkali. Na balozi wangu, mtu wa kuja, ambaye tulimzika kwa taratibu za dini yake na ukoo wetu wote tukatembea nyuma ya jeneza, Mungu amlaze pema. Nakishukuru na chama hiki, kwa sababu mlinipokea mjane sina kitu na mkaniacha nishike changu kwa mkono wangu.

Sasa funzo langu. Wanachama, hamkosei kuogopa. Kijana atakosea. Lakini msiniambie kadi ikae kwa mlezi ili iwe salama, mkafunga mjadala mkaenda kula. Mlezi gani? Mmemchunguza? Kikulacho ki nguoni mwako, na mtoto hawezi kujikuna mahali ambapo hajaruhusiwa kufika. Watoto wengine hapa wana wazazi wema, wanalindwa. Wengine wana mjomba wangu. Huyo mmoja mwenye mjomba wangu, kanuni mnayoitaka ndiyo itakayommaliza, na hatasema, kwa sababu amefundishwa adabu. Na huo msemo wa samaki, mdogo wangu, umeutumia wewe lakini unanisemea mimi. Mkunje angali mbichi, ndiyo. Mfundishe kushika kadi akiwa bado nyumbani kwako, akikosea kidogo. Ukimnyima mpaka akauke, atakuja kuvunjika akiwa ameshika mali ya watu wengine.

Mimi mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Jumatatu nakwenda naye benki, mkipitisha hoja au msipoipitisha. Kadi itakuwa na jina lake na itakaa kwake. Akiharibu, tutakaa chini mimi na yeye tuone ameharibu wapi, kisha ataendelea kuishika.

Na wewe, mdogo wangu, kadi ya kijana wako iko kwenye mfuko wa shati lako. Umeweka mkono juu yake tangu nianze kuongea, watu wote wanaona. Sikuulizi imefanya kazi gani tangu uichukue. Mtoto mwenyewe ni yule pale mlangoni. Inuka, mpelekee kadi yake, halafu mwenyekiti atuambie tunyooshe mikono.